Jiwe Dogo la Kijani

Pale idara ya miamba walimwita Mama Vipande, na hata waliowahi kulijua jina lake halisi walikuwa wamelisahau. Kazi yake ilikuwa kulifanya jiwe lipitishe mwanga. Alilikata kwa msumeno wa duara wenye ukingo wa almasi, akalibandika kwa gundi juu ya kioo kidogo, kisha akalisaga kwa unga mkali na maji, taratibu, kwa vidole vyake mwenyewe, mpaka likabaki utando mwembamba kuliko unywele. Jiwe ambalo likikuangukia mguuni unalia mchana kutwa, yeye aliligeuza kitu cha kupuliza kikaruka. Wataalamu wakaliweka chini ya hadubini na kulisoma. Ila jambo moja alilijua kuliko wote: huwezi kuliona jiwe ndani bila kuliangamiza karibu lote. Hapo hakuna njia ya mkato.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, kina dirisha moja lililopigwa ukungu na vumbi la mawe, sinki lililoziba kila baada ya siku mbili, na meza yenye madoa ya gundi ya miaka. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti la kazi la kahawia. Lilikuwa la mume wake. Miaka mingi lilikuwa halijavaliwa na mtu, lakini mabega yake yalikuwa bado yamejaa, mkono wa kulia umekunjika kidogo kwenye kiwiko, kama vile mwenyewe yumo ndani, ila hataki kuonekana. Wafanyakazi wapya walikuwa wakilisalimia wakiingia, halafu wanacheka kwa aibu. Mama Vipande hakucheka. Alasiri, akizima msumeno na masikio yakiwa bado yanavuma, alisikia nyundo ikigonga mwamba mahali fulani mbali. Fundi bomba aliapa kwamba ni hewa kwenye mabomba. Akayafungua yote, akayafunga upya, akaondoka kifua mbele. Kesho yake nyundo ikagonga tena.

Mumewe walimwita Nyundo. Alikuwa mwanajiolojia wa ramani, mtu wa milimani, mrefu, mbishi, asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mtu ukimwambia mvua inakuja, anaacha koti nyumbani ili akuonyeshe kwamba haiji. Alimchumbia mkewe humo humo katika chumba cha kusagia, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa chini juu, akimfundisha mambo ambayo yeye wala hakuuliza.

"Ukikaanga kitunguu," alimwambia siku moja, "unahitaji kipimajoto?"

"Cha nini? Nakiangalia rangi."

"Basi na jiwe ni hivyo hivyo. Matope yakizikwa chini kabisa yanapikwa kwa joto na uzito, yanageuka bila kuyeyuka. Moto ukiwa mdogo, ndani yake inazaliwa kloriti, ya kijani. Ukiongezeka, inakuja biotiti, nyeusi inayomeremeta. Halafu ganeti, nyekundu kama punje za komamanga. Halafu kianiti, vijiti vya bluu. Na pale moto ulipowaka kuliko kote, silimaniti, nyuzi nyeupe kama mvi za bibi. Huulizi jiwe limepikwa kiasi gani. Unaangalia nani kazaliwa ndani yake."

"Na wewe umepikwa kiasi gani?"

"Mimi bado mbichi," akasema Nyundo. "Ndiyo maana natafuta jiko."

Alimpata, wakaoana. Ugomvi wao wa kila safari ulikuwa ni ukubwa wa vipande. Nyundo alipoanza kupanda mlima asubuhi alivunja jiwe la kwanza kubwa kama ngumi. Kadiri mfuko ulivyomlemea mgongoni, ndivyo alivyozidi kuvunja vidogo, na la mwisho la siku lilikuwa saa nyingine dogo kama kiberiti. Mkewe aliwaka. Kipande kidogo hakishikiki kwenye msumeno, na ukikosea mara moja huna cha kurudia. "Mvivu mkubwa we!" alimwambia. Naye alijibu kwamba mgongo wake si wa serikali.

Sasa lije lile la hospitali, maana hakuna kusogea mbele bila kulipitia. Mama yake Nyundo, ambaye nyumbani walimwita Bi Mkubwa, alipasuliwa macho yote mawili akafungwa bandeji. Daktari alisema bandeji itafunguliwa mwisho wa juma. Asubuhi iliyofuata, Nyundo akatokea wodini na viatu vya mlimani miguuni. Gari la idara lilikuwa linamsubiri nje.

Mkewe alimvuta mpaka ukumbini, hatua chache tu kutoka kitandani. "Mama yako amelala hapa hajui mchana wala usiku, na wewe unakwenda kuokota mawe?"

"Bandeji haitafunguliwa kabla sijarudi. Mtu wa kwanza kumwona nitakuwa mimi."

"Maneno yako nimeyachoka. Umeoa mawe, mimi umeniazima tu."

"Unakuza mambo."

"Nakuza?" Damu ilimchemka, na ulimi hauna mfupa. "Basi nenda. Na ukienda safari hii, usirudi. Umenisikia? Usirudi!"

Nyundo akacheka, akamgusa shavu kwa kidole chenye vumbi, akaenda. Hakurudi.

Bandeji ikafunguliwa. Bi Mkubwa alifumbua macho, akamwona daktari, akamwona mkwe wake, akaangalia mlangoni. Alipoulizwa kama anaona, alisema anaona vizuri sana.

Dereva alimsubiri Nyundo kambini, upande wa mashariki wa mlima, mpaka akapata wasiwasi, akaleta watu. Walipekua njia ya kupandia na njia ya kushukia kambini, wakaita mpaka sauti zikakauka. Mvua kubwa ikanyesha. Baadaye kina mama waliokuwa wakifua kwenye daraja la bondeni wakauona mfuko wa turubai umenasa kwenye nguzo. Mto ule unapokea maji ya makorongo yote ya mlima, kwa hiyo kujua kwamba umeletwa na mto ilikuwa sawa na kutojua kitu. Ndani mlikuwa na mawe matano, na namba zilizoandikwa kwa kalamu juu yake zilikuwa zimefutika zote.

Aliyeyasoma mawe hayo alikuwa rafiki wa Nyundo tangu chuoni, mpole, mwenye miwani minene, ambaye leo ndiye mkuu wa idara. Mama Vipande alimwita shemeji. Aliyapanga mezani kwa jinsi mwanajiolojia yeyote angeyapanga: la kijani, la biotiti, la ganeti, la kianiti, la silimaniti. Kambini ni kwenye mawe ya kijani, na moto wa zamani ulizidi kadiri unavyopanda magharibi. Ilikuwa ngazi iliyonyooka. Ameanzia kambini, amepanda, amefika kileleni kwenye silimaniti, na hapo habari zake zimekatika. Ng'ambo ya kilele ni nchi nyingine.

"Tuyakate tuyaangalie ndani," shemeji alisema.

"Hayakatwi," Mama Vipande akasema. "Haya ndiyo ya mwisho aliyoyashika. Sitayaweka kwenye msumeno, na wewe hutayaweka."

Naye, kwa huruma, hakusisitiza. Kila jiwe lilikuwa linajulikana kwa macho, na ni desturi yao kwamba jiwe linalojitaja lenyewe halipotezewi kioo. Mawe yakafungiwa kwenye droo ya stoo.

Watu nao hawana dogo. Mtu aliyefika mpakani na hakuonekana tena, kuna mengi ya kusema? Ilisemwa ana mwanamke ng'ambo. Ilisemwa ameonekana sokoni, amenenepa. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mama Vipande alipita katikati ya maneno hayo kichwa juu, lakini ndani alikuwa na lake ambalo hakuna jirani aliyelijua. Wao walidhani amekimbia. Yeye alidhani ametii. Kila alipofumba macho alisikia sauti yake mwenyewe ukumbini mwa hospitali, na kila alipofumbua aliona lile koti, mkono umekunjika, kama mtu anayesubiri umalize kusema.

Hakuhama, hakuolewa tena. Aliishi na Bi Mkubwa katika nyumba ile ile ya vyumba viwili, wanawake wawili na mlango mmoja. Mlango huo haukupigwa komeo. Bi Mkubwa alikataa. "Ufunguo hakuchukua," alisema, "na mimi usingizi wangu mzito. Asije akagonga akadhani hatumtaki." Mwizi mmoja aliwahi kuingia akachukua redio. Bado komeo halikupigwa. Upepo ukiusukuma mlango jioni wakiwa wanakula, vijiko vyao vilisimama, kisha wakaendelea bila kutazamana. Nyumba ikiwa hivyo, huwezi kusema inakaliwa na watu wawili.

Basi ikaja amri ya kuhamisha stoo. Jengo lilikuwa limepasuka ukuta, na mawe yasiyo na namba yalitakiwa kutupwa shimoni nyuma ya karakana. Shemeji alikuja mwenyewe, akafungua droo, akaweka yale matano mezani kwa Mama Vipande kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

"Chukua, shemeji. Peleka nyumbani."

"Nikayafanye nini nyumbani? Nayapika?"

"Weka tu."

Alikaa nayo peke yake. Miale ya jua la mchana yalikuwa yanaingia dirishani, na vumbi lilikuwa linaelea. Aliyapanga kama yalivyopangwa siku ile, kuanzia kijani mpaka nyeupe. Halafu, kwa mazoea ya mikono yake tu, mikono iliyoshika mawe ya mtu huyo kwa miaka, akahisi kuna kitu hakijakaa sawa. La biotiti lilikuwa kama ngumi. La ganeti lilikuwa dogo kidogo kuliko hilo. La kianiti lilienea kiganjani. La silimaniti lilishikwa kwa vidole vitatu. Na lile la kijani, lililosemekana ni la kwanza, la asubuhi, mfuko ukiwa mtupu na mgongo una nguvu, lilikuwa dogo kama kiberiti.

Mvivu mkubwa we, akasema moyoni.

Hapo alikuwa na mambo mawili, na yote yalimtisha. Akiliacha, atabaki na jiwe na asijue kitu mpaka anaingia kaburini. Akilikata, halitabaki jiwe, na huenda jibu likawa lile lile la siku zote: alipanda, akavuka, akakusikiliza. Aliogopa. Na tuseme kweli, hata sisi tungeogopa. Alinyanyuka, akalivua koti msumarini kwa mara ya kwanza, akalivaa. Lilinuka vumbi na kutu tu. Akawasha msumeno.

Kipande kilikuwa kidogo mno kwa kishikio, akakishika kwa ncha za vidole huku maji yakimrukia usoni. Alikata mara moja. Akabandika upande laini kwenye kioo, akaanza kusaga kwa duara, akisimama kila mara kuchungulia kwa hadubini ya pembeni, kwa maana kuna chembe nyeupe katika mawe ya aina hii ambazo ndizo kipimo chake: zikionekana manjano jiwe bado nene, zikiwa za majivu umefika, ukipitiliza umelimaliza. Manjano. Manjano. Manjano hafifu. Maji ya kijani yalikuwa yanatiririka mezani kuelekea sinki, na alijua anayoyaona yakienda ni lile jiwe. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na unga. Zilipogeuka majivu akaacha.

Akaangalia.

Kijani kilikuwepo, kloriti kila mahali, majani madogo yaliyolala juu ya mengine. Lakini hayakuwa yametawanyika ovyo. Yalikuwa yamejaa ndani ya maumbo ya mviringo wenye pembe, na mistari ya jiwe ilipita kando kuyazunguka maumbo hayo, kama watu wanavyozunguka kitu kigumu kilichosimama njiani. Pembe hizo alizifahamu. Alikuwa amesaga maelfu yake. Ni umbo la ganeti, lakini ganeti hakuna. Na katikati ya umbo moja tu, alipokizungusha kioo, palikuwa na punje moja iliyobaki nyeusi kila upande, kama ganeti zote zinavyofanya chini ya mwanga ule.

Alitembea mpaka ofisi ya mkuu akiwa na koti la marehemu, sijui la mtoro, mabega yakiwa yamemshukia mpaka viwiko. Shemeji alipomwona alisimama kwa hofu, kikombe kikamwagika. Wakarudi pamoja. Aliinamia hadubini muda mrefu, na alipoinuka miwani yake ilikuwa imelowa.

"Hili si la kambini," akasema kwa sauti ndogo.

"Niambie basi. Polepole."

"Jiwe hili lilishapikwa. Lilifika mpaka kwenye ganeti, moto mkubwa. Halafu likapoa, ardhi ikapasuka, maji yakapita ndani yake, na kloriti ikarudi ikaila ganeti ikakaa mahali pake. Kwa macho unaona kijani, unasema hili halijaona moto. Kumbe limekwenda motoni na limerudi. Tulilisoma kwa nguo iliyovaa."

"Linapatikana wapi?"

"Mlima mzima ni sehemu moja tu. Kwenye ule mpasuko, korongo la kusini. Hatukupekua kule. Kambi iko mashariki, mtu angefuata nini kule?" Wote wawili walikuwa wanajua korongo la kusini linatokea wapi. Linashuka moja kwa moja kwenye barabara kuu, mahali ambapo mtu mwenye haraka anasimamisha gari la kwanza linalokwenda mjini, bila kupitia kambini, bila kumsubiri dereva. Njia mbaya, ya mwamba unaoteleza. Mtu mwenye akili zake haipiti, labda awe anawahi bandeji inayofunguliwa kesho yake.

"Dogo kuliko yote," Mama Vipande akasema. "Ndilo la mwisho, shemeji. Lile la kileleni ni la kabla ya hili. Alifika juu akageuka."

Mkuu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mahali pale pale pa rafiki yake, akaweka kichwa mikononi.

Walikwenda na gari la idara na vijana wanne wenye kamba. Korongo lilikuwa jembamba na baridi, kuta zake za kijani, na sauti ya maji ilifanya kila mtu ageuke nyuma kuangalia kama ameitwa. Chini ya poromoko la zamani, kwenye ufa mkavu ambao maji yaliyoubeba mfuko hayakuufikia, waliona mpini wa nyundo. Wakaondoa mawe kwa mikono. Alikuwa amelala ubavu, mkono wa kulia umekunjwa kwenye kiwiko. Viatu vilikuwa vimeelekea chini, upande wa barabara. Mama Vipande aliuliza tena na tena, mpaka wakamwonea huruma, kama viatu vilikuwa hivyo hivyo au kuna mtu amevigeuza. Hakuna aliyevigeuza.

Alifika nyumbani jioni, mlango umerudishwa tu kama kawaida. Bi Mkubwa alikuwa ameketi akichambua mchele, macho yake mazuri yale yale. Aliona koti kabla hajaona uso.

"Amepatikana," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo, mama. Kwenye korongo."

Ungo ulitua chini. Bibi akapitisha mkono juu ya mchele, akausawazisha, akauvuruga tena. "Alikuwa anakwenda, au alikuwa anarudi?"

"Alikuwa anarudi, mama. Njia fupi. Alikuwa anakuja kwako, bandeji isifunguliwe hayupo." Kisha likamtoka lile lililomkaa kooni miaka yote. "Mama, mimi nilimwambia asirudi. Pale hospitali. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilifungwa macho, mwanangu. Masikio nani aliyafunga?" Bi Mkubwa alimvuta, akamlaza kichwa mapajani, bado amevaa koti la mwanawe lililojaa vumbi la mawe. Machozi yake yalikuwa yanamdondokea mwenzake shingoni, lakini sauti ilikuwa imara, karibu ya kucheka. "Siku zote hizi nilikuwa najiuliza, na mimi nilikuwa naogopa kama wewe: isije ikawa siku hiyo moja amesikia. Lakini mtoto yule nimemzaa mimi. Nilimwambia asipande, akapanda. Nilimwambia asiogelee, akaogelea. Na wewe ukamwambia asirudi."

Akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga.

"Hajawahi kumsikiliza mtu. Inuka sasa, mwanangu, ukapige komeo. Baridi inaingia."